Indri na Pomboo wa Ganges: Kwa Nini Hifadhi Pekee Haiwatoshi Wote Wawili

Wanafunzi ninaowafundisha biolojia hapa Bukavu huwaweka wanyama wote walio hatarini kutoweka katika fungu moja, na dawa wanayoitaja ni ile ile: itengwe hifadhi, waajiriwe walinzi. Kwa watu waliokulia karibu na hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega fikra hiyo inaeleweka, lakini huwaomba wamlinganishe lemuri (mnyama wa mitini anayefanana na kima) aitwaye indri na pomboo wa mto Ganges.

Wote wawili huzaa polepole. Jike hupata mtoto mmoja tu, kisha kwa kawaida hupita miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa tena, kwa hiyo vifo vichache vya majike wazima huacha pengo ambalo uzazi hauwezi kuliziba upesi.

Indri huishi katika misitu ya mashariki mwa Madagaska peke yake, ambako hula hasa majani machanga. Majaribio ya kumfuga yameshindwa, kwa hiyo hakuna akiba yake nje ya msitu, na kila mlima unaofyekwa na kuchomwa ili kulima mpunga, au unaokatwa miti ya kuchoma makala, humpokonya makao asiyoweza kuyapata kwingine. Zamani mwiko wa wenyeji ulikataza kumwinda. Siku hizi mahali pengi umelegea, jambo linalonisikitisha sana, kwa kuwa hakuna sheria ya serikali inayofika vijijini kwa urahisi kama mwiko. Kwake yeye, kuulinda msitu ndiyo kazi yenyewe.

Pomboo wa Ganges ana shida nyingine. Ni karibu kipofu, na hutafuta samaki kwa kutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake katika maji ya matope. Wavu mwembamba uliotegwa wima majini humnasa, naye, kwa kuwa hupumua kwa mapafu, hufa kwa kukosa hewa. Kizuizi cha maji cha Farakka, kilichojengwa kukatiza mto huo na kuanza kazi mwaka 1975, nacho kimewatenga pomboo wa juu na wa chini yake. Tangu mwaka 1991 ipo hifadhi yake ya Vikramshila katika jimbo la Bihar, India, lakini mto hauzungushiwi ua: watu huvua humo, na maji huja na uchafu wa miji ya juu. Pomboo wa mto Yangtze, China, alilindwa na sheria kwa miaka mingi, na msako wa mwaka 2006 haukumwona hata mmoja.

Ndiyo maana kwa pomboo ningeanza na wavuvi kabla ya walinzi. Mvuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, anajua kwamba kumkataza mtu wavu wake bila kumpa njia nyingine ya kulisha watoto ni kumfundisha kuvua usiku.