Kwa nini wimbo wa pop hukwisha ukiwa bado unautaka?

Panda teksi ya Kampala kwenda Jinja, usubiri ijae. Konda anaita abiria, dereva kafungulia redio, na kiti cha nyuma hakijapata watu umeshasikia nyimbo tano, kila moja dakika tatu na ushee. Dereva akibadilisha akaweka kadongo kamu, mambo mengine: mtu na gitaa lake anasimulia ndoa, shamba, wakwe na ugomvi wa mpaka, mnafika Bweyogerere kesi haijaamuliwa.

Haraka ya pop ilianzia kwenye santuri. Zile za zamani za inchi 10, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika 3 tu kila upande. Uliyebakiwa na maneno, shauri yako. Mwaka 1949 kampuni ya santuri ya Marekani, RCA Victor, ilileta santuri ndogo ya mizunguko 45, lakini masikio na redio vilishazoea wimbo mfupi. Katikati ya miaka ya 1950, Marekani na Uingereza, jina pop likashika kwa muziki huo wa vijana. Ni kifupi cha neno la Kiingereza popular, lenye maana ya kitu kinachopendwa na wengi.

Usiitafute pop kwenye mdundo. Leo inavaa rege, kesho dansi, keshokutwa rap, haina haya ya kuazima. Itazame ilivyojengwa. Hesabu kwa mguu: moja, mbili, tatu, nne, unarudi moja, hadi mwisho. Chini yake mpiga kinanda anazungusha kodi chache, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja (si zile za mamlaka ya mapato, URA), mara nyingi kodi nne tu. Ubeti unaanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekunong'oneza jambo. Kisha kiitikio: sauti inapanda, maneno yanapungua, yanarudiwa. Ubeti, kiitikio tena, halafu kipande kigeni kidogo wanachokiita daraja, ambacho kazi yake ni kukufanya ukitamani kiitikio. Kinaporudi, hata aliyekuwa anasinzia dirishani anatikisa kichwa.

Kwa maoni yangu kiitikio ndicho pop yenyewe. Mengine ni njia ya kukifikia. Mwaka 2014 mwimbaji wa Uganda Eddy Kenzo alitoa "Sitya Loss", yaani siogopi hasara. Video ya watoto wakicheza ilizunguka dunia, na wengi walioimba nao hawakujua hata salamu ya Kiganda.

Santuri zimekwenda, haraka imebaki, tena imezidi. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa zikishapita sekunde 30. Msikilizaji akichoka sekunde ya 25, hiyo haihesabiwi. Ndiyo maana nyimbo nyingi za sasa hazina subira ya gitaa kujitambulisha kwanza. Unabonyeza tu, kiitikio hiki hapa.