Je, wajua kwa nini kuna wilaya ya Waarmenia kando ya mto Don?

Ukitoka jiji la Rostov, kusini mwa Urusi, ukashika barabara ya kuelekea Taganrog, muda si mrefu unafika Chaltyr. Hapo ndipo makao makuu ya wilaya ya Myasnikovsky, na kwa sensa ya 2010 zaidi ya nusu ya wakazi wa wilaya hiyo ni Waarmenia. Kati yao na nchi ya Armenia kuna mamia ya kilomita na safu nzima ya milima ya Caucasus. Wala si wahamiaji wa juzi. Wameishi hapo tangu karne ya 18, na kwa muda mrefu walijitawala wenyewe kwa mahakama na halmashauri yao.

Walifikaje huko? Na kwa nini leo jina na mipaka vimebaki kwa vijiji, ilhali mji wao mkubwa umemezwa na Rostov?

Kisa kinaanzia Krimea. Waarmenia walikuwa wameishi kwenye rasi hiyo kwa karne nyingi, chini ya utawala wa makhan wa Kitatari. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara, mafundi na wakulima wa bustani, na kodi yao pamoja na ya Wagiriki ilikuwa tegemeo kubwa la hazina ya khan. Urusi ilikuwa inaitamani Krimea. Mwaka 1778, miaka mitano kabla ya kuitwaa rasmi, Malkia Catherine wa Pili aliamuru Wakristo wa huko wahamishwe. Khan akikosa walipa kodi, nguvu yake imekwisha.

Kazi hiyo ilisimamiwa na Jenerali Suvorov. Watu zaidi ya 30,000 waling'olewa, na Waarmenia kati yao walikuwa takriban 12,600. Majira ya baridi yaliwakuta bado hawana makazi ya kudumu, na wengi walikufa kwa baridi, njaa na maradhi. Kuna wanaosimulia uhamisho huu kama hisani kwa Wakristo waliokuwa chini ya watawala Waislamu. Mimi siwezi kuuita hisani. Watu hawa waliacha nyumba, makanisa na miti ya matunda iliyopandwa na babu zao, kwa sababu dola mbili zilikuwa zinagombania hazina moja.

Lakini Urusi nayo ilikuwa na shida. Nyika za Don zilikuwa na ardhi tele na watu wachache, na hakukuwa na wafanyabiashara wa kutosha wa kuzichangamsha. Askofu Mkuu Joseph Arghutian, kiongozi wa kanisa la Kiarmenia nchini Urusi, alikuwa na mtaji wa kujadiliana. Tarehe 14 Novemba 1779 malkia alitia saini hati iliyowapa Waarmenia wa Krimea desyatina 86,000 za ardhi, yaani zaidi ya hekta 90,000, jirani na ngome ambayo baadaye ikawa Rostov. Walisamehewa kodi kwa miaka 10. Waliruhusiwa kujenga makanisa yao. Na zaidi ya yote, walipewa haki ya kujiendesha.

Walijenga mji mmoja, Nor Nakhichevan (au Nakhichevan kwa kifupi), na vijiji vitano kuuzunguka, Chaltyr kikiwa kimojawapo. Vyote viliongozwa na chombo kilichoitwa magistrati. Usikilinganishe na baraza la madiwani la siku hizi, maana kilikuwa na mamlaka mapana zaidi. Halmashauri ilikuwa hiyo, na mahakama ilikuwa hiyohiyo. Viongozi wake walichaguliwa na Waarmenia kutoka miongoni mwao, na kesi za madeni, urithi na ugomvi wa mali ziliamuliwa kwa sheria na desturi za Kiarmenia. Kwa himaya iliyozoea amri kutoka juu, hilo halikuwa jambo dogo.

Kujitawala, hata hivyo, hakukuwa na maana kwamba kila mtu alikuwa na sauti. Magistrati ilikuwa mikononi mwa matajiri, na sehemu hii ya historia ndiyo inayonigusa zaidi. Katikati ya karne ya 19, mwandishi Mikael Nalbandian, mzaliwa wa mji huo, alisimama kupinga kundi la kiongozi wa mji, Khalibyan. Nalbandian na wenzake walilishutumu kundi hilo kwa kutumia vibaya fedha za jamii. Wakati huo kulikuwa na mali iliyoachwa kwa wosia huko Calcutta, India, kwa manufaa ya watu wa Nakhichevan, kwa kuwa wafanyabiashara wa Kiarmenia walikuwa wametapakaa hadi huko. Wananchi walimtuma Nalbandian akaifuatilie, naye akasafiri hadi India kudai haki ya mji wake. Aliporudi, mwaka 1862, polisi wa tsar, yaani mfalme wa Urusi, walimkamata kwa uhusiano wake na wanamapinduzi wa Kirusi waliokuwa London. Alifungwa, akapelekwa uhamishoni katika mji wa Kamyshin, Urusi, na mwaka 1866 akafia huko. Mwili wake ulirudishwa nyumbani ukazikwa kwenye kanisa la Surb Khach.

Wakati huohuo himaya ilikuwa inabadilisha utawala wake. Mageuzi ya mahakama ya 1864 na ya serikali za miji ya 1870 yalitaka miji yote ifuate mfumo mmoja, na magistrati haikuwa na nafasi tena. Nakhichevan ikapata baraza la mji kama miji mingine. Waarmenia waliendelea kuliongoza, lakini sasa kwa sheria ya Urusi.

Baada ya mapinduzi ya 1917 mambo yaligeuka tena. Katika miaka ya 1920 Wasovieti waliyapa makabila madogo wilaya zao, wakaruhusu ofisi na shule kutumia lugha za wenyeji. Mwaka 1926 vijiji vya Waarmenia vikafanywa wilaya. Ilipewa jina la Alexander Myasnikian, mzaliwa wa Nakhichevan aliyeiongoza Armenia ya Kisovieti na kufariki katika ajali ya ndege mwaka 1925. Mji wenyewe haukuwekwa ndani ya wilaya hiyo. Rostov ilikuwa imeshakua hadi mlangoni pake, na mwaka 1928 Nakhichevan ikaunganishwa nayo. Kwenye uwanda uliokuwa mpaka wa miji hiyo miwili likajengwa jumba kubwa la michezo ya kuigiza lenye umbo la trekta, lililokamilika mwaka 1935. Kanisa kuu la Mtakatifu Gregory lilibomolewa katika miaka ya 1960. Uwanja uliokuwa na sanamu ya Catherine sasa una ya Karl Marx. Kinachoonyesha ramani ya zamani ni mitaa ya makazi, ambayo hadi leo imepewa namba.

Vijiji viliokolewa na umbali na kilimo. Rostov ilipokuwa ikivuta wafanyakazi wa viwanda kutoka kila pembe ya nchi, mji wa Nakhichevan ulichanganyika upesi, lakini familia za Chaltyr zilibaki kwenye mashamba yao, wakazungumza lahaja ileile waliyotoka nayo Krimea. Mtu wa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, huielewa kwa taabu. Mwishoni mwa 1937 uongozi wa Kisovieti uliamua kufuta wilaya za makabila, na shule zikageuzwa za Kirusi. Wilaya ya Myasnikovsky ilibaki na mipaka na jina, ila hadhi yake ya kitaifa ikaondoka.

Leo inaendeshwa kwa sheria ya serikali za mitaa kama wilaya nyingine yoyote ya Urusi. Ina baraza la wakazi wote, Waarmenia kwa Warusi, na hakuna kiti kilichotengwa kwa kabila lolote. Waarmenia wakipata uongozi hapo, wanaupata kwa wingi wao.