Kadi ya kubana ni nini?

Katika mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering, kadi nyingi zina kazi ya kufanya: kuleta kiumbe wa kupigana, kumuua wa mpinzani, kumwongezea mwenyewe kadi mkononi. Kadi ya kubana kazi yake ni kukaa mezani na kukataza. Wachezaji huuita uchezaji huo "stax", jina linalohusishwa na Smokestack, kadi ya mwaka 1998 inayomlazimisha kila mchezaji kutoa kafara vitu vyake zamu baada ya zamu.

Chukua Trinisphere, ya mwaka 2004. Ikishatua, kadi yoyote ambayo bei yake haifiki mana tatu (mana ni nguvu ya kulipia kadi) inalipiwa tatu. Kwa kawaida unaweka kadi moja ya ardhi kila zamu, na ardhi moja hutoa mana moja. Lakini Vintage, fomati inayoruhusu karibu kadi zote za tangu 1993, ina ardhi iitwayo Mishra's Workshop: inatoa mana tatu kwa mpigo, za kulipia kadi za aina ya vifaa tu, na Trinisphere ni kifaa. Basi anayeanza anaweka Workshop, anateremsha Trinisphere, na mwenzake amekaa na mkono uliojaa kadi za mana moja akisubiri ardhi ya tatu. Mwaka 2005 Trinisphere iliwekewa kikomo: nakala moja katika fungu lako la kadi, badala ya nne.

Hata hivyo Trinisphere humbana pia aliyeiweka. Ukiitaka, lazima fungu lako ulipange tangu nyumbani liweze kuishi nayo. Null Rod ya 1997 ni hivyo hivyo: inazima vifaa vya kila mtu, hata Black Lotus na zile Mox, vifaa vya zamani vya kutoa mana bure, vya bei ya kutisha. Binafsi naipenda, maana asiye na Mox hapotezi kitu, na mwenye nazo anabaki kuzitazama.

Ndiyo maana, kwenye kadi mpya ya kubana, mimi huangalia kwanza inamkataza nani. War of the Spark, toleo la mwaka 2019, lilileta kadi zinazombana mpinzani peke yake. Karn, the Great Creator ni Null Rod isiyomgusa mwenyewe. Narset, Parter of Veils humzuia mpinzani kuvuta zaidi ya kadi moja kwa zamu. Sasa mpe mpinzani huyo Brainstorm, inayosema vuta tatu, kisha rudisha mbili juu ya fungu. Katika zamu yake ameshavuta moja, kwa hiyo zile tatu hazipati. Mbili za kurudisha anadaiwa vilevile. Kadi za namna hii hazidai upange fungu upya, yeyote anazichomeka tu. Katika Vintage zote mbili ziliwekewa kikomo kabla mwaka haujaisha.

Kwenye Modern, fomati nyingine isiyo na kadi za zamani sana, Karn alikuwa akichukua Mycosynth Lattice kutoka kadi za akiba. Lattice hugeuza kila kilichopo mezani kuwa kifaa, ardhi zikiwemo, na Karn anazima vifaa vya mpinzani. Kisheria mchezo haujaisha: mpinzani ana uhai, ana kadi mkononi, ana ardhi sita mbele yake, na hakuna hata moja inayotoa mana. Machi 2020 Lattice ilipigwa marufuku. Karn aliachwa.