Kabla ya Kuuliza Nani Amefungwa: Kazi Halisi ya Tume ya Uchunguzi

Kila tume ya uchunguzi inapomaliza kazi, swali la kwanza tunaloulizwa sisi tunaotoa elimu ya sheria kwa umma huwa ni hili: mbona hakuna aliyefungwa? Anayeuliza ana sababu. Pengine amefiwa, au amenyang'anywa ardhi, na kwa miezi kadhaa ameona mashahidi wakila kiapo, mawakili wakihoji, jaji akiwa ameketi mbele. Kila kitu kilifanana na mahakama. Kisha ripoti imekabidhiwa, picha zimepigwa, na yeye amerudi nyumbani mikono mitupu.

Jibu fupi ni kwamba tume haina mamlaka ya kumfunga mtu kwa kosa inalolichunguza. Ni chombo cha muda, kinachoundwa na mkuu wa nchi au mamlaka nyingine iliyopewa uwezo huo na sheria, ili kitafute ukweli wa jambo zito linalogusa umma na kushauri nini kifanyike. Tanzania inayo Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 32. Kenya inayo ya kwake, Sura ya 102. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 imeliweka jambo hili waziwazi katika kifungu cha 2: uchunguzi wa aina hii hauamui hatia ya jinai wala wajibu wa madai wa mtu yeyote. Hiyo ni kazi ya mahakama.

Kama ni hivyo, kwa nini tusiende mahakamani moja kwa moja? Kwa sababu mahakama ya jinai inatazama mtu mmoja na shitaka moja, na haiulizi zaidi ya hapo. Chukua mauaji ya Marikana, Afrika Kusini. Tarehe 16 Agosti 2012 polisi waliwapiga risasi na kuwaua wachimba madini 34 waliokuwa kwenye mgomo. Kesi dhidi ya askari mmoja ingeuliza kama yeye alifyatua, na kama alikuwa na sababu halali ya kufyatua. Tume iliyoongozwa na Jaji Ian Farlam iliweza kurudi nyuma hadi jioni ya tarehe 15, kwenye kikao cha wakuu wa polisi ambako iliamuliwa kwamba kesho yake mgomo ule uzimwe, na ikahoji kwa nini polisi walipelekewa bunduki za kivita kwenye kazi ya kutuliza umati. Mnyororo mzima wa amri, kuanzia ofisini hadi uwanjani, ndio uliowekwa mezani. Mahakama haifiki huko mara nyingi, hata ikitaka.

Sasa nije kwenye jambo ninalotamani kila mwananchi alijue: hadidu za rejea. Tume inapotangazwa, vyombo vya habari hutuambia nani ni mwenyekiti na wajumbe ni akina nani. Ni habari muhimu, lakini haitoshi. Karatasi ya kuisoma kwa makini ni ile inayoorodhesha maswali ambayo tume imetumwa kuyajibu, kipindi inachokichunguza na siku iliyopewa kumaliza. Lisiloandikwa humo, tume haina ruhusa ya kuligusa. Ikiambiwa ichunguze "chanzo cha ajali" bila kuambiwa ichunguze waliotoa kibali, basi waliotoa kibali wamekwisha kupona kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Ikiambiwa ichunguze matukio ya siku tatu, ya siku ya nne yataachwa. Mimi huwaambia watu: kama mna nguvu ya kupiga kelele mara moja tu, pigeni siku hadidu zinapotangazwa, msisubiri siku ripoti inapotoka.

Matarajio yasiyolingana na hadidu huzaa uchungu. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 na umwagaji damu uliofuata, Wakenya wengi walitaka Tume ya Kriegler iwaambie nani hasa alishinda urais. Tume hiyo, chini ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, iliona kwamba zoezi lenyewe lilikuwa limevurugwa kiasi kwamba mshindi asingeweza kujulikana kwa uhakika. Wengi walikasirika. Lakini tume ilikuwa imetumwa kuchunguza uendeshaji wa uchaguzi kwa jumla, na kwa hilo ilitoa jibu zito: tume ya uchaguzi iliyokuwepo haikufaa kuendelea ilivyokuwa. Kabla mwaka 2008 haujaisha, ilivunjwa.

Pamoja na hadidu, uliza pia ni nani aliyemteua mwenyekiti. Tume ikichunguza serikali, na serikali ndiyo inayochagua wachunguzi, kuwapa bajeti na kupokea ripoti yao, shaka ya wananchi ni ya haki kabisa. Afrika Kusini ililikabili tatizo hili kwa namna inayofaa kuigwa. Mwaka 2016 Mlinzi wa Umma, ofisa huru anayechunguza malalamiko dhidi ya serikali, alielekeza kwamba iundwe tume kuchunguza namna watu binafsi walivyoiteka serikali, na kwa kuwa Rais Jacob Zuma mwenyewe alikuwa akitajwa, mwenyekiti achaguliwe na Jaji Mkuu. Zuma aliiunda tume hiyo Januari 2018 na Jaji Raymond Zondo akakabidhiwa uenyekiti. Saini ilikuwa ya Rais, jina la jaji halikuwa chaguo lake.

Tume hiyohiyo inatuonyesha meno ambayo chombo cha namna hii kinaweza kuwa nayo. Tume inaweza kutoa hati ya wito, kumwapisha shahidi, kudai nyaraka. Anayekaidi wito anavunja sheria. Zuma aliondoka kwenye kikao Novemba 2020 bila ruhusa. Tume ikaenda Mahakama ya Katiba, mahakama ikamwamuru afike, naye hakufika. Juni 2021 alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Tuelewane vizuri hapa: hakufungwa kwa ufisadi uliokuwa ukichunguzwa. Alifungwa kwa kuidharau amri ya mahakama iliyomtaka aende kutoa ushahidi mbele ya tume. Kwa raia wa kawaida ambaye hati ya wito humtia hofu, naona kuna faraja kubwa katika kujua kwamba kukaidi wito wa aina hiyohiyo kulimfikisha gerezani hata aliyekuwa rais.

Upande wa pili ni haki ya anayetajwa. Tume haimfungi mtu, lakini inaweza kumchafulia jina maisha yake yote. Kwa hiyo atakayeguswa vibaya lazima aelezwe tuhuma, apewe nafasi ya kujibu, na mara nyingi aruhusiwe kuwa na wakili. Tume ikilegea hapo, mahakama huingia. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta sehemu za ripoti ya Tume ya Goldenberg, iliyochunguza kashfa ya fedha za umma zilizolipwa kwa kisingizio cha kuuza dhahabu nje, zilizomhusu mwanasiasa mmoja wa ngazi ya juu, na kazi ya miaka mitatu ikatobolewa. Haki hii pia hula muda. Uchunguzi wa Uingereza kuhusu vita vya Iraq ulianza 2009 na ripoti ikatoka Julai 2016, ikiwa na maneno takriban milioni 2.6, na sehemu ya ucheleweshaji huo ilitokana na kuwapa waliokosolewa nafasi ya kujibu kabla ya kuchapishwa. Familia za askari waliokufa zililalamika, na ninawaelewa. Hata hivyo ripoti inayodumu ni bora kuliko ripoti ya haraka inayobomolewa mahakamani.

Si kila tume inahusu maovu. Nyingine hutumwa kulisikiliza taifa, na hapo kuna fundisho ambalo Watanzania wanalo nyumbani. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikusanye maoni kama nchi iendelee na chama kimoja au irudi kwenye vyama vingi. Takriban watu wanne kati ya watano waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Kama kazi ya tume ingekuwa kuhesabu mikono, ripoti ingekuwa ya ukurasa mmoja. Tume ilisoma sababu pamoja na idadi. Iliona kwamba wengi kati ya hao wanne walitaka chama hicho kibadilike sana, na kwamba yule mmoja wa tano ni sehemu ya taifa ambayo sauti yake isingefaa kuzimwa. Ikapendekeza vyama vingi, ikataja na sheria 40 kandamizi zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Vyama vingi vilirejea mwaka 1992. Sheria zile, safari yake ilikuwa ndefu zaidi, na baadhi ziliendelea kulalamikiwa miaka mingi baadaye.

Hapo ndipo penye donda. Mapendekezo ya tume ni ushauri, na aliyeshauriwa anaweza kukataa. Mwaka huohuo wa 1991 Tanzania ilikuwa na tume nyingine, ya masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji. Ilizunguka vijijini, ikasikiliza migogoro, na ikapendekeza kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yaondolewe mikononi mwa Serikali Kuu, na ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji. Serikali haikukubali. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilibakiza ardhi yote kuwa mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Unaweza kuunga mkono uamuzi ule au kuupinga, lakini kwa kuwa ripoti ilichapishwa, mjadala wa ardhi umeendelea kuirejea hadi leo. Ripoti iliyofungiwa kabatini isingeweza kufanya hivyo.

Kuna tume ambazo hazikufika hata hapo. Baada ya Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, Robert Ouko, kuuawa Februari 1990, tume ya Jaji Evan Gicheru ilianza kusikiliza ushahidi hadharani. Novemba 1991 Rais Daniel arap Moi aliivunja kabla haijamaliza.

Pengine ni kwa kukumbuka historia kama hiyo kwamba Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 na kuhesabu vifo 1,133, ilijiwekea kinga. Oktoba 2008 ilipendekeza mahakama maalumu iundwe nchini, na majina ya watuhumiwa wakuu ikayafunga ndani ya bahasha akakabidhiwa Kofi Annan, aliyekuwa amesuluhisha mgogoro huo. Mahakama hiyo isipoundwa, bahasha iende kwa Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Bunge liliukataa muswada, na Julai 2009 bahasha ikaenda. Kesi za The Hague hazikumtia hatiani mtu yeyote kwa ghasia zile, na waathirika wana haki ya kusikitika. Lakini ukiangalia pembeni ya bahasha, utaona pendekezo ambalo halikuvuma: kuwe na chombo huru cha kushughulikia malalamiko dhidi ya polisi. Mwaka 2011 Kenya ilitunga sheria ya kuanzisha mamlaka ya namna hiyo. Mama ambaye mwanawe ameuawa na askari leo ana mlango wa kubisha ambao haukuwepo mwaka 2007. Huo si ushindi mdogo, ingawa haukuwahi kuwa habari ya ukurasa wa mbele.

Kwa hiyo ukiitwa, au ukiwa na jambo unalolijua, fika. Andika maelezo yako mapema, tarehe na mahali kwa kadiri unavyokumbuka, na utenganishe ulichokiona kwa macho na ulichosimuliwa. Peleka nakala ya nyaraka, ubaki na nakala yako, na udai uthibitisho wa kupokelewa. Kama unahofia usalama wako, mweleze katibu wa tume kabla ya siku ya kikao na uombe kusikilizwa faraghani. Omba pia uelezwe kinga uliyonayo, kwa maana katika nchi nyingi maneno ya shahidi mbele ya tume hayawezi kutumiwa kumshitaki yeye mwenyewe, isipokuwa amesema uongo chini ya kiapo. Usikubali kuambiwa ueleze tu, mengine yatajulikana baadaye.

Najua wapo wanaosema tume za serikali ni za kupoteza muda, ushahidi unaishia hewani. Mwaka 1974 Idi Amin, akibanwa na lawama za nje, aliunda tume ichunguze watu waliopotea Uganda tangu alipotwaa madaraka Januari 1971. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mohamed Saied. Katika nchi ambayo kutaja jina la ndugu aliyetoweka kulitosha kukufanya wewe pia utoweke, mamia ya watu walijitokeza wakaapa na kusema. Tume iliandika visa zaidi ya 300 vya watu waliopotea, na ikavinyooshea kidole vyombo vya usalama vya Amin mwenyewe, kwa kuvitaja majina. Ripoti haikuchapishwa, na mauaji hayakukoma. Lakini visa vile vilibaki vimeandikwa, kwa kiapo, katika ripoti iliyoagizwa na Amin mwenyewe.