Kituo ng'ambo ya Mwezi: giza ambalo halipo, hatari ambazo zipo

Jioni ya kuandama kwa mwezi, watu wanapopanda darini au kusimama uwanjani kutazama magharibi wakiutafuta ule uzi mwembamba wa mwanga, upande wa pili wa Mwezi tusiouona kamwe huwa unawaka jua karibu wote. Naanza na hili kwa sababu kila nikizungumza darasani juu ya mipango ya kujenga kituo cha wanaanga kinachoelea angani ng'ambo ya Mwezi, swali la kwanza huwa lile lile, na nyuma yake hufuata dhana nyingine ninazozinukuu hapa moja moja.

"Huko si kuna giza la milele?"

Hakuna. Mwezi hujizungusha mara moja kila unapoizunguka Dunia mara moja, ndiyo maana hutuonyesha uso ule ule. Ila kutoonekana na sisi si kukosa jua. Kila sehemu kule nyuma hupata takriban wiki mbili za mchana na wiki mbili za usiku, sawasawa na huku mbele. Niliwahi kumpa mwanafunzi chungwa lenye nukta ya kalamu, nikazima taa, nikaweka tochi ya simu dirishani, nikamwambia anizunguke huku nukta ikinitazama mimi. Alipofika kati yangu na tochi, nukta ilikuwa gizani na mgongo wote wa chungwa uling'aa. Darasa likanyamaza, kisha mmoja akasema taratibu: "Kumbe ni sisi tu hatuoni." Chombo cha Kisovieti Luna 3 kilipiga picha za upande huo tangu Oktoba 1959, na kilizipiga kwa mwanga wa jua.

"Kikifika mahali pake kitatulia kama jiwe, maana pale hakuna mvutano."

Mahali penyewe ni nukta ya pili ya Lagrange, kwa kifupi L2, iliyo kama kilomita 64,000 nyuma ya Mwezi na karibu 449,000 kutoka hapa tulipo. Mvutano upo pale, tena wa vitu viwili: Dunia na Mwezi vyote vinavuta kuelekea upande mmoja, na jumla ya nguvu hiyo inatosha hasa kukizungusha chombo kwenye duara pana kuliko la Mwezi kwa muda ule ule wa Mwezi, siku 27 na ushei. Kwa hiyo kinakwenda sambamba nao, nyuma yake, mzunguko baada ya mzunguko.

Kutulia ni habari nyingine. Mfikirie punda aliyebonyea mgongo kwa miaka ya kubeba mizigo. Ukiweka gololi katikati ya mgongo ule, haitakwenda upande wa kichwa wala wa mkia, itarudi kwenye bonde. Lakini ikiyumba kidogo tu kuelekea ubavuni, imeshaanguka. L2 ndivyo ilivyo. Chombo hakina budi kujisukuma kidogo kidogo kila baada ya siku kadhaa kisiporomoke, na uzuri ni kwamba misukumo hiyo ni midogo mno, alimradi isicheleweshwe.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalifikirii. Nyoosha mkono mbele yako, ubane vidole viwili: huo ndio upana wa Mwezi ukitazamwa kutoka L2, nyuzi tatu hivi. Dunia, kwa umbali wake, ingekuwa na upana wa kidole kimoja, na ingekuwa nyuma ya vile viwili. Mwanaanga aliye pale pale kwenye nukta asingeiona Dunia hata siku moja, wala redio yake isingefika nyumbani. Ndiyo maana katika miaka ya 1960 Mmarekani Robert Farquhar alipendekeza chombo kisikae kwenye nukta bali kiizunguke, kwenye duara pana kiasi cha kuchungulia pembeni mwa Mwezi muda wote. Wachina walilifanya jambo hilo kwa setilaiti ya Queqiao, iliyorushwa Mei 2018, na kupitia kwake chombo cha Chang'e 4 kikatua nyuma ya Mwezi tarehe 3 Januari 2019, cha kwanza kabisa kutua huko.

"Mbali zaidi, mafuta zaidi."

Hesabu hii ni ya daladala. Roketi hailipi kwa kilomita, inalipa kwa kubadili mwendo. Ikishazima injini inaserereka bila kuchoma chochote. Gharama kubwa huja pale unapotaka kufunga breki karibu na Mwezi ili uingie kwenye obiti, yaani njia ya kuuzunguka, iliyo chini, kama ile ya safari za Apollo za Wamarekani ya kilomita 110 hivi juu ya ardhi yake, na baadaye kuichapa injini tena ili utoke. Chombo cha wanaanga cha Orion cha NASA, shirika la anga la Marekani, hakina mafuta ya kutosha kufanya yote mawili. Hii ni sababu mojawapo ya Gateway, kituo cha wanaanga ambacho NASA na washirika wake walikipanga kiuzunguke Mwezi, kupangiwa obiti ndefu, ya ukoo mmoja na zile za L2, inayochukua siku sita na nusu na kufika kilomita 70,000 hivi kutoka Mwezini. CAPSTONE, kisetilaiti cha kilo 25 kilichotumwa kuijaribu obiti hiyo, kiliruka Juni 2022 kutoka New Zealand, kikaenda zaidi ya kilomita milioni moja kutoka Duniani, kisha kikarudi nyuma na kuwasili Novemba 13. Kilizunguka mbali hivyo ili kubana mafuta.

"Kitakuwa kama ISS, ila mbali kidogo."

Hapa ndipo ninapopata wasiwasi wa kweli. ISS, kituo cha kimataifa cha anga, iko kilomita 400 juu yetu, bado ndani ya kinga ya usumaku wa Dunia, na mwanaanga akiugua anaweza kuwa nyumbani kwa saa chache. Haijawahi kukosa watu tangu Novemba 2000. Nyuma ya Mwezi kinga ile haipo, na kurudi nyumbani ni safari ya siku nyingi, pengine kupita wiki. Kigari cha Curiosity kilipokuwa safarini kwenda Mars, kipimo chake kilisoma wastani wa milisiviti 1.8 za mionzi kwa siku. Mtu wa kawaida Duniani hupata kama 2.4 kwa mwaka kutokana na mazingira yake. Maana yake siku moja kule ni sawa na miezi tisa hapa. Na hiyo ni hali ya hewa nzuri! Agosti 1972 Jua lilitema dhoruba kali ya chembe. Apollo 16 ilikuwa imerudi Aprili na Apollo 17 iliondoka Desemba, basi hakuna aliyekuwa njiani. Ilikuwa bahati. Kwa sababu hizi Gateway haikupangwa iwe na watu mwaka mzima, bali wafike kwa wiki chache na kuondoka.

"Bila watu pale, upande ule hauchunguziki."

Chombo cha Kichina Chang'e 6 kilileta gramu 1,935.3 za udongo na mawe kutoka nyuma ya Mwezi Juni 2024, bila mtu hata mmoja. Hata hivyo sitaki kuwapuuza wanaotaka watu. Kutoka Duniani, amri na jibu lake huchukua zaidi ya sekunde tatu. Kutoka L2 ni chini ya nusu sekunde, karibu sawa na kushika usukani mwenyewe. Kati ya Juni na Agosti 2013 wanaanga watatu walio kwenye ISS waliendesha kigari cha K10 kilichokuwa California, wakakiamuru kikunjue utando mwembamba chini, mfano wa antena ya darubini ya redio. Yalikuwa mazoezi ya kazi hasa ya nyuma ya Mwezi.

"Ni ya Marekani peke yake" ni dhana fupi na jibu lake ni fupi: Ulaya, Japani, Kanada na Falme za Kiarabu zote ziliahidi sehemu za Gateway. Mvutano mkubwa umekuwa wa fedha. Mei 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza mradi usitishwe, na Julai Bunge la nchi hiyo likautengea dola bilioni 2.6.

La mwisho silisikii kwa maneno, nalisikia katika yale yasiyoulizwa: watu hudhani kule nyuma ni patupu, hakuna cha kuharibu. Kuna ukimya. Mwezi unakinga kelele zote za redio, televisheni na simu zetu, na mawimbi marefu ya kale ya ulimwengu, ambayo tabaka za juu za anga yetu huyazuia, yanaweza kusikika pale. Kanuni za kimataifa za redio zinaulinda upande huo. Rwanda na Nigeria, nchi za kwanza za Afrika kutia saini Mapatano ya Artemis, makubaliano ya nchi juu ya mwenendo angani, Desemba 2022, zimekubali pia kuepuka kuwaingilia wengine kwa madhara angani. Kituo chenye watu kwenye L2 kingekuwa juu ya anga ya upande huo, kikitangaza mchana na usiku, basi masafa yake ya redio yangepaswa kuchaguliwa kabla ya skrubu ya kwanza. Setilaiti ya RAE-2 iliyouzunguka Mwezi mwaka 1973 ilionyesha kinachoweza kupotea: kila ilipopita nyuma, mstari wa kelele kwenye karatasi ulishuka ghafla, na Dunia ilipochomoza ukapanda tena.