Uzito kukwama: mizani ikigoma na wewe bado unajinyima

Uzito kukwama ni hali ya mtu aliyekuwa anapungua vizuri kuacha kupungua kwa wiki kadhaa mfululizo, ilhali mlo wake ni uleule na mazoezi hajaacha. Mara nyingi huja baada ya miezi michache hadi nusu mwaka. Humpata karibu kila anayepungua: anayepima chakula, anayefunga, anayekimbia alfajiri, hata aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Katika jaribio kubwa la semaglutide, sindano ya kupunguza uzito, lililochapishwa mwaka 2021, washiriki walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao, kisha uzito ukasimama karibu na wiki ya 60, na dawa ilikuwa bado inachomwa kila wiki. Ikiwa dawa kali namna hiyo nayo hufika mahali ikasimama, basi aliyekwama kwa mboga na kuruka kamba hana sababu ya kujiona dhaifu.

Umekwama kweli?

Wengi wanaolalamika kwamba wamekwama bado wanapungua, ila maji yanawaficha. Mwanzoni mwa mlo mpya mwili hutumia akiba ya wanga iliyomo kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni. Akiba yenyewe ni kama nusu kilo tu, lakini kila gramu yake imeshikamana na gramu kama tatu za maji, na ikitumika, maji hayo hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana mtu akipunguza ugali, wali na mkate, wiki ya kwanza hushuka kilo mbili na kuanza kuwapa wenzake ushauri. Kitambi bado kipo palepale. Wiki ya tano akishuka robo tatu ya kilo anaona mambo yameharibika, kumbe sasa ndipo mafuta yenyewe yanapotoka.

Maji hayohayo huweza kurudi na kuziba pengo la mafuta yaliyoondoka. Chumvi huyashikilia: sahani ya chipsi na mishikaki jioni, kesho yake mizani imepanda na hujanenepa hata kidogo. Wanawake wengi huongezeka kilo moja au zaidi siku chache kabla ya hedhi. Aliyeanza kunyanyua vyuma wiki hii ana misuli inayouma, na misuli inayojitengeneza huvuta maji.

Kwa hiyo pima kila asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya chai, uandike, kisha utafute wastani wa siku saba. Linganisha wastani wa wiki hii na ule wa wiki tatu au nne zilizopita. Anayeona hedhi alinganishe wiki ileile ya mzunguko na ya mwezi uliopita. Ongeza na futi ya fundi cherehani kiunoni. Ikiwa wastani haujasogea kwa mwezi na kiuno nacho kimesimama, hapo umekwama. Siku kumi za mizani kusimama si kitu.

Mwili mdogo, matumizi madogo

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa miaka 40, urefu sentimita 160, anaanza na kilo 92. Kwa kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, ambayo wataalamu wa lishe huitumia sana, mwili wake ukiwa umelala tu hutumia takriban kilokalori 1,560 kwa siku. Ukiweka kazi za nyumbani, safari za sokoni na mazoezi mepesi, jumla inafika kama 2,340. Anakula 1,800. Pengo ni 540 kila siku, na mafuta yanayeyuka.

Miezi inapita, sasa ana kilo 80. Moyo, mapafu na miguu yake inahudumia mwili uliopungua kilo 12. Kanuni ileile inasema sasa anatumia kama 2,160. Anakula zilezile 1,800, lakini pengo limeshuka hadi 360. Hajakosea popote.

Halafu mwili wenyewe unabana. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba mtu aliyepoteza asilimia 10 ya uzito wake hutumia nishati pungufu kuliko inavyotarajiwa kwa mwili wa ukubwa huo mpya. Sehemu ya ubanaji huo huwezi kuiona: misuli inafanya kazi ileile kwa nishati kidogo. Sehemu nyingine inaonekana ukijichunguza. Unakaa zaidi, unamtuma mtoto dukani badala ya kwenda mwenyewe, unasubiri bodaboda kwa kituo kimoja. Tuseme kwa mama yetu hiyo ni kilokalori 120. Pengo limebaki 240.

Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama 120. Vijiko viwili vilivyoingia sufuriani bila kupimwa, pengo limekwisha. Mizani inasimama, na mama wa watu anaapa kwamba hajabadilisha kitu. Kwa anachokiona yeye, ni kweli.

Wapo ambao ubanaji huu ulikuwa mkubwa ajabu. Kevin Hall wa taasisi za taifa za afya za Marekani aliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa bado inatumia karibu kilokalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Lakini wale walipungua kwa kasi ya kutisha, kwa mazoezi ya saa nyingi kila siku, kwa hiyo usiwafanye kipimo chako.

Njaa nayo inapanda

Kwa maoni yangu hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalosemwa kidogo zaidi. Seli za mafuta hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuambia ubongo akiba ikoje. Mafuta yakipungua leptini hushuka, na ubongo huitikia kwa kuamsha hamu ya kula. Hall na wenzake walikadiria kwamba kila kilo inayopotea huongeza hamu ya kula kwa takriban kilokalori 100 kwa siku, wakati matumizi ya mwili hushuka kwa 20 hadi 30 tu. Kwa mama yetu aliyepungua kilo 12, matumizi yameshuka kwa kama 300, ila njaa inamsukuma kwa 1,200.

Haji kula zote 1,200. Hujizuia. Lakini tonge la mwisho kwenye sahani ya mtoto linaliwa badala ya kumwagwa. Chai iliyokuwa na kijiko kimoja cha sukari inapata kimoja na nusu. Karanga za kutafuna kwenye daladala zinahesabiwa kuwa si chakula, na gramu 100 za karanga zina zaidi ya kilokalori 550. Maharage yale yale, lakini leo yamewekwa tui zito. Mwaka 1992 watafiti huko New York waliwapima watu waliodai hawapungui ingawa wanakula chini ya kilokalori 1,200. Vipimo vilionyesha miili yao inatumia nishati kama kawaida. Walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichoandika, na mazoezi waliyahesabu zaidi ya ukweli kwa nusu. Hawakuwa waongo. Macho ya mtu mwenye njaa hayapimi vizuri, na jikoni kwetu ambako mafuta humiminwa kutoka kwenye dumu, ni vigumu zaidi.

Na mazoezi je?

Hapa ushahidi mzuri umetoka Tanzania. Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kilomita nyingi kila siku wakiwinda, wakichimba mizizi na kurina asali. Matokeo ya mwaka 2012 yalishangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati wanayotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Pontzer anaeleza kwamba mwili unaosukumwa sana kwa mwendo hubana matumizi kwingineko. Watafiti wengine wanabishana naye kuhusu ukubwa wa ubanaji huo, lakini funzo la jikoni liko wazi. Kutembea kilomita moja kwa mtu wa kilo 80 hutumia kama kilokalori 60. Chapati moja ya kusukuma iliyoiva kwa mafuta hula kilomita nne au tano. Mazoezi yana faida nyingi kwa moyo, sukari na usingizi, na husaidia sana kulinda uzito usirudi. Kuyategemea peke yake yakunasue ndiko kunakochosha watu bure.

Kuna pia maneno ya jim kwamba ukila kidogo mno mwili hugoma kabisa kupungua na kushikilia mafuta, kwa hiyo ule zaidi ili upungue. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwalisha wanaume 36 waliojitolea takriban kilokalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24, huku wakitembea na kufanya kazi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Miili yao ilibana kweli, walihisi baridi, walikosa nguvu, wakawa wanaota chakula, na miguu ya baadhi yao ikavimba maji. Lakini kupungua hakukusimama kwa sababu ya kula kidogo. Ubaya wa kujinyima kupita kiasi ni mwingine: misuli huondoka, na njaa hukuvunja siku ya tatu.

Kujinasua

Kabla ya kukata chakula zaidi, pima ulichonacho kwa wiki mbili. Mafuta yapite kwenye kijiko kabla ya kuingia sufuriani, sukari pia, na unga wa ugali upimwe kwa kikombe kilekile. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama kilokalori 360, na ugali wa kushiba unaweza kula gramu 200 bila mtu kushtuka. Watu wengi hunasuka hapahapa, bila kuongeza adhabu.

Ikiwa vipimo viko sawa na bado umekwama, punguza kidogo, kilokalori 150 hadi 200, na uanzie kwenye mafuta, vinywaji vitamu na vitafunwa kama mandazi na sambusa, usianze na mboga au maharage. Ongeza protini, kwa sababu hushibisha zaidi na mwili hutumia kati ya asilimia 20 na 30 ya nishati iliyomo kwenye protini hiyo kuimeng'enya, wakati kwa mafuta haizidi 3. Si lazima iwe kifua cha kuku. Dagaa, mayai, kunde, choroko, samaki na maziwa ya mgando vinatosha. Nyanyua vitu vizito mara mbili au tatu kwa wiki, hata ndoo za maji zikiwa ndizo ulizonazo, ili kinachoondoka kiwe mafuta na siyo nyama ya mwili. Na ulale. Katika jaribio dogo la Chicago la mwaka 2010, watu walewale kwa mlo uleule walipungua mafuta pungufu kwa zaidi ya nusu walipopewa nafasi ya kulala kwa muda wa saa 5 na nusu badala ya saa 8 na nusu.

Chai za kusafisha tumbo na dawa za kuharisha ziache. Hutoa maji na choo, basi. Baadhi ya bidhaa za namna hii zimewahi kukutwa zimechanganywa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa.

Nenda hospitali ukiwa na dalili nyingine: kuhisi baridi kila wakati, uchovu, nywele kutoka na choo kigumu huweza kuashiria tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu, hedhi kupotea huweza kuwa tatizo la homoni za ovari, au ni mimba. Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo prednisoloni, insulini na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, maana huweza kuongeza uzito. Miguu ikivimba na pumzi ikikatika huku uzito unapanda, usisubiri. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asipunguze chakula kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Ipo pia njia ambayo wachache huifikiria: kukaa hapohapo kwa makusudi. Katika utafiti wa Marekani wa kuzuia kisukari uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa kwenye hatari walilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na uwezekano wa kupata kisukari ukashuka kwa asilimia 58. Mama yetu wa kilo 80 ameshapunguza asilimia 13. Akiamua kula kilokalori 2,000 kwa miezi miwili au mitatu, alinde uzito huo bila kulala na njaa, kisha aamue upya kama anataka kuendelea, atakuwa na nguvu za kuendelea nazo. Ajiandae tu kwamba wiki ya kwanza ya kula zaidi mizani itapanda kilo moja hivi: ni ile glaikojeni inarudi na maji yake.