Sistusi: Kichaka cha Maua Kinachostahimili Ukame

Sistusi ni kundi la vichaka visivyopukutisha majani, lenye spishi zipatazo 20, ambavyo asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania pamoja na Visiwa vya Kanari. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na miezi ya joto hupita karibu bila tone la maji. Mizizi yake, kwa hiyo, huvumilia ukavu kuliko inavyovumilia udongo wenye joto na maji kwa wakati mmoja, hali ambayo huifanya ioze upesi. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba cha kuhofiwa zaidi kwa mmea huu ni maji yaliyotuama kuliko jua.

Uchaguliwe mahali penye jua la kutwa, ikiwezekana mtelemko. Penye udongo wa mfinyanzi ni afadhali kuinua tuta na kuchanganya changarawe. Samadi nyingi haifai, kwa kuwa huzidisha majani laini na kupunguza maua.

Pandikiza mche ungali mdogo, mvua zinapoanza na joto linapopungua, bila kuivuruga mizizi, kwani sistusi iliyokwisha kukomaa haipendi kuhamishwa. Katika mwaka wa kwanza mwagilia kwa kina, kisha uache udongo ukauke kabla ya kurudia; baada ya hapo mvua za msimu kwa kawaida hutosha.

Ua lake, lenye petali tano zilizokunjamana, jeupe, la waridi au la zambarau, hudumu siku moja tu, lakini maua mapya hufuatana kwa majuma kadhaa na nyuki hulipenda mno. Majani ya spishi kadhaa hutoa utomvu wenye harufu nzuri unaotumika katika manukato. Utomvu huo hushika moto kwa urahisi, hivyo katika maeneo yenye mioto ya nyika kichaka hiki kisipandwe karibu na kuta za nyumba.

Kupogoa ndiko kunakohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Punguza ncha za matawi mara tu maua yanapokwisha, na usikate sehemu iliyokwisha kuwa ngumu kama mti, kwa sababu kwa kawaida haichipui tena. Kichaka kilichozeeka na kuwa wazi katikati ni bora kiondolewe na kupandwa kipya, kitokanacho na vipandikizi vya sentimita 10 hivi, vilivyokatwa kwenye matawi yanayoanza kukomaa na kuoteshwa katika mchanga wenye unyevu kidogo.